Konstrakta fupi katika Python: __init__ ya mkono, dataclass, NamedTuple, attrs au Pydantic?

Ukiandika klasi kwa njia ya kawaida ya Python, kila sehemu unaitaja mara tatu: kwenye mabano ya `__init__` (ndiyo konstrakta, mbinu inayojaza objekti inapoundwa), kisha kushoto kwa alama ya sawasawa, kisha kulia kwake. Klasi yenye sehemu kumi inakudai majina thelathini kabla haijafanya kazi yoyote. Lugha nyingine zimelihangaikia jambo hilihili. Kotlin iliweka konstrakta kwenye kichwa cha klasi tangu toleo la 1.0 mwaka 2016, PHP ikafuata katika toleo la 8.0 mwaka 2020, Java ikahalalisha rekodi katika toleo la 16 mwaka 2021, na C# ikafungua konstrakta za kichwani kwa klasi za kawaida katika toleo la 12 mwaka 2023.

Python haikuchagua njia moja. Inazo tatu ndani ya maktaba yake yenyewe, na nje kuna mbili zinazotumika sana. Ulinganisho huu ni kwa anayejua kuandika klasi vizuri lakini kila akifungua faili jipya anajiuliza aanze na ipi. Naamini ufupi wa konstrakta unapimwa kwa mambo ambayo msomaji wa msimbo wako halazimiki kuyakagua. Idadi ya mistari ni dalili tu. Mistari minne inayoficha mtego ni mirefu kuliko kumi inayosema ukweli wote.

## Vigezo

Kila njia nitaipima kwa mambo yaleyale matano.

Cha kwanza ni unachoandika. Cha pili ni unachopewa bila kuandika: maandishi yanayosomeka ukichapisha objekti, ulinganisho wa objekti mbili, na uwezo wa kuiweka kwenye seti au kuifanya ufunguo wa kamusi. Cha tatu ni ukaguzi, yaani thamani mbovu ikija, nani anaikataa na wakati gani. Cha nne ni mabadiliko: siku ukiongeza sehemu au ukirithi klasi, nini kinavunjika. Cha tano ni gharama, iwe ya mwendo, ya kumbukumbu ya mashine, au ya kutegemea maktaba ya nje.

Mfano nitakaoutumia ni muamala wa pesa za simu: namba ya muamala, kiasi kwa shilingi, sarafu, na orodha ya lebo. Anayejenga mfumo wowote wa malipo Dar es Salaam au Nairobi atakutana na klasi ya namna hii mapema, na ni data ambayo kosa dogo ndani yake linageuka hasara ya mtu halisi.

## `__init__` ya mkono

Unachoandika. Kila kitu.

```python
class Muamala:
    def __init__(self, namba, kiasi, sarafu="TZS", lebo=None):
        self.namba = namba
        self.kiasi = kiasi
        self.sarafu = sarafu
        self.lebo = lebo if lebo is not None else []
```

Angalia mstari wa mwisho. Upo kwa sababu ukiandika `lebo=[]` juu pale, Python hutengeneza orodha hiyo mara moja tu, wakati inasoma `def`, halafu miamala yote isiyopewa lebo inashirikiana orodha hiyohiyo moja. Ukiongeza lebo kwenye muamala wa Asha, inajitokeza pia kwenye wa Juma. Mtego huu ni wa zamani na bado unakamata watu.

Unachopewa. Karibu hakuna. Ukichapisha objekti unaona `<__main__.Muamala object at 0x...>`, ambayo kwenye logi za saa nane usiku haikusaidii kitu. Miamala miwili yenye data ileile haihesabiwi kuwa sawa, kwa sababu Python inalinganisha utambulisho wa objekti na haiangalii yaliyomo. Kwenye seti inaingia, lakini kwa utambulisho huohuo.

Ukaguzi. Unaandika mwenyewe, mahali popote unapotaka, kwa lugha yoyote unayotaka.

Mabadiliko. Sehemu mpya inahitaji kuongezwa mahali patatu, na kama uliandika `__repr__` na `__eq__` kwa mkono, mahali patano. Hapa ndipo makosa ya kimyakimya yanapozaliwa: mtu anaongeza `sarafu` kwenye `__init__`, anaisahau kwenye `__eq__`, na kuanzia siku hiyo shilingi 5,000 za Kenya ni sawa na shilingi 5,000 za Tanzania machoni pa programu. Kurithi hakuna shida, `super().__init__()` inafanya kazi kama ulivyofundishwa.

Gharama. Hakuna ya ziada.

Inamfaa nani. Klasi ambayo yale inayopokea siyo yale inayoyahifadhi. Fikiria klasi inayotuma maombi kwenye seva ya malipo: inapokea anwani na funguo, lakini inahifadhi kikao kilichofunguliwa, kaunta ya majaribio na kufuli ya nyuzi (threads). Kujaribu kuibana klasi hiyo kwenye dekoreta, ile alama ya `@` juu ya klasi inayoiandikia mbinu, ni kuipotosha. `__init__` ya mistari minane inayoeleza hatua kwa mpangilio ni fupi kuliko ujanja wa mistari mitatu unaomlazimisha msomaji kufungua nyaraka.

## dataclass

Ililetwa na Python 3.7 mwaka 2018 kupitia pendekezo PEP 557 la Eric V. Smith. Nitakaa hapa muda mrefu zaidi, kwa sababu ndiyo wengi wanaishia kuitumia, na pia ndiyo wengi wanaitumia nusunusu.

Unachoandika. Jina la sehemu na aina yake, mara moja.

```python
from dataclasses import dataclass, field

@dataclass
class Muamala:
    namba: str
    kiasi: int
    sarafu: str = "TZS"
    lebo: list[str] = field(default_factory=list)
```

Ukijaribu kuandika `lebo: list[str] = []`, unakataliwa palepale kwa `ValueError` inayokuelekeza utumie `default_factory`. Ule mtego wa orodha ya pamoja umezibwa, na hilo peke yake linatosha kumfanya mwanafunzi aanze nayo.

Unachopewa. `__init__`, `__repr__` na `__eq__`. Sasa logi inasema `Muamala(namba='QX81', kiasi=5000, sarafu='TZS', lebo=[])`, na miamala miwili yenye data ileile ni sawa. Ukiweka `order=True` unapata na ulinganisho wa mkubwa na mdogo.

Kwenye seti mambo yanabadilika. Kwa chaguomsingi, dataclass inakunyang'anya uwezo wa kuingia kwenye seti: ukijaribu unapata `unhashable type: 'Muamala'`. Sababu yake ni nzuri. Objekti inayolinganishwa kwa yaliyomo, huku yaliyomo yanaweza kubadilika, ikiingia kwenye seti inaweza kupotelea humo. Ukitaka iingie, tumia `frozen=True`, ambayo inazuia kubadilisha sehemu baada ya kuundwa. Lakini zuio hilo ni la juujuu. Huwezi kuandika `m.lebo = [...]`, ila `m.lebo.append("marejesho")` inapita bila kuulizwa. Tena kwa kuwa orodha yenyewe haiingii kwenye seti, muamala ulioibeba nao utakataliwa. Kwenye klasi iliyogandishwa, weka `tuple[str, ...]` badala ya orodha, na chaguomsingi `()`.

Ukaguzi. Hapa watu wengi wanajidanganya. Wakiona `kiasi: int` wanadhani Python italinda namba hiyo. Hailindi. Aina zile zinasomwa na mypy (programu inayokagua aina bila kuendesha msimbo), na mhariri wako wa msimbo, na wanaosoma. Programu inapokimbia hakuna anayezitazama. `Muamala("QX81", "5000")` inaundwa bila kelele. Ukichukua miamala miwili ya namna hiyo, ya "5000" na "2000", ukajumlisha viasi vyake kwa `+`, unapata `"50002000"`: elfu saba imekuwa milioni hamsini na elfu mbili, na hakuna hitilafu iliyotolewa.

Ukaguzi wako unauweka kwenye `__post_init__`, inayoitwa mara baada ya sehemu kujazwa:

```python
    def __post_init__(self):
        if not isinstance(self.kiasi, int):
            raise TypeError("kiasi lazima kiwe namba kamili")
        if self.kiasi <= 0:
            raise ValueError("kiasi lazima kizidi sifuri")
```

Inafanya kazi vizuri, ila inakagua mara moja tu. Baadaye mtu akiandika `m.kiasi = -5`, `__post_init__` haiitwi tena. Kwenye data za pesa hiyo ni sababu nyingine ya kugandisha.

Mabadiliko. Mpangilio wa sehemu kwenye klasi ndio mpangilio wa thamani unapoita konstrakta. Mwenzako akiingiza sehemu mpya ya maandishi katikati, wote walioita kwa nafasi, bila majina, wanaanza kupeleka thamani kwenye sehemu isiyo yake, na kama aina zinafanana hakuna kitakacholalamika. Tangu Python 3.10 ya mwaka 2021 kuna dawa: `@dataclass(kw_only=True)` inalazimisha kila thamani itajwe kwa jina. Mimi naiweka kwenye kila dataclass yenye sehemu zaidi ya tatu. Mahali pa kuita panarefuka kidogo, lakini panajisoma penyewe.

Dawa hiyohiyo inatibu urithi. Ukirithi `Muamala` ili utengeneze `Marejesho` yenye sehemu ya lazima `muamala_wa_awali: str`, Python inakataa kuunda klasi yenyewe, kwa kuwa sehemu isiyo na chaguomsingi imekuja baada ya zenye chaguomsingi za mzazi. Weka `kw_only=True` kwa mtoto na tatizo linaisha. Kumbuka pia kwamba `__init__` inayotengenezwa na dataclass haimwiti mzazi ambaye ni klasi ya kawaida, hiyo `super().__init__()` utaiweka mwenyewe ndani ya `__post_init__`.

Gharama. Ndogo. `__init__` na mbinu nyingine hutengenezwa mara moja wakati klasi inafafanuliwa, na baada ya hapo kuunda objekti ni kama kwa mkono. `slots=True`, nayo ya tangu 3.10, inafungia objekti kwenye sifa ulizozitaja tu; inapunguza kumbukumbu inayotumika na kuleta faida nisiyosikia ikisemwa sana: ukikosea herufi ukaandika `m.kiassi = 10`, unapata `AttributeError`. Bila slots, Python ingeunda sifa mpya yenye jina hilo bovu na kuendelea.

Inamfaa nani. Data ya ndani ya programu, ambayo tayari imeshakaguliwa mahali pengine, na timu inayotaka kubaki na maktaba ya kawaida tu.

## NamedTuple

Unachoandika. Kidogo kama dataclass, bila dekoreta.

```python
from typing import NamedTuple

class Muamala(NamedTuple):
    namba: str
    kiasi: int
    sarafu: str = "TZS"
    lebo: tuple[str, ...] = ()
```

Nimeweka `()` kwa makusudi. Ukiweka `[]` hapa hakuna anayekuzuia, na ule mtego wa orodha ya pamoja unarudi.

Unachopewa. Objekti ambayo ni `tuple` kamili yenye majina. Haibadiliki, inaingia kwenye seti (mradi yaliyomo nayo yanaingia), inachapishwa vizuri, na unaweza kuifungua kwa mstari mmoja: `namba, kiasi, sarafu, lebo = m`.

Kwa kuwa ni `tuple`, inalinganishwa kama `tuple`. Ukiwa na `Bei(3, 5)` na `Mahali(3, 5)`, zote NamedTuple, Python inasema ni sawa. Alama ya `<` nayo inafanya kazi hata kama hukuikusudia, ikianza na sehemu ya kwanza. Kwa koordinati hilo halina madhara. Kwa pesa silikubali.

Ukaguzi. Hakuna, na huwezi kuandika `__new__` au `__init__` yako ndani ya klasi hiyo, Python inakataa. Ukitaka kukagua unatengeneza mbinu ya klasi (`@classmethod`) na kuwaomba watu wapitie hapo, nao wanaweza wasipitie.

Mabadiliko. Hapa ndipo inapoumiza. Ongeza sehemu moja, na kila mahali palipofungua objekti kwa mstari ule mmoja pataanguka kwa `ValueError`. Kwa hiyo inafaa kwa umbo ambalo halitakua.

Gharama. Nyepesi mno, na haihitaji chochote cha nje.

Inamfaa nani. Anayerudisha thamani mbili au tatu kutoka kwenye fanksheni, anayesoma mistari mingi ya CSV, au mwenye msimbo wa zamani uliokuwa unarudisha `tuple` tupu na anataka kuupa majina bila kuwavunjia wanaoutumia. Kwa kazi hiyo ya mwisho sijaona inayoizidi.

## attrs

Maktaba hii ya Hynek Schlawack ilianza mwaka 2015, miaka mitatu kabla ya dataclass, na dataclass imejifunza mengi kwake.

Unachoandika.

```python
from attrs import define, field, validators

@define
class Muamala:
    namba: str = field(converter=str.strip)
    kiasi: int = field(
        validator=[validators.instance_of(int), validators.gt(0)]
    )
    sarafu: str = "TZS"
    lebo: list[str] = field(factory=list)
```

Unachopewa. Vyote vya dataclass, pamoja na slots bila kuziomba. Sehemu yenye jina linaloanza na mstari wa chini, kama `_siri`, inapokelewa kwenye konstrakta kwa jina `siri`, kwa hiyo unaweza kuficha sifa za ndani bila kuwaharibia sura wanaoita.

Ukaguzi. Hii ndiyo nguvu yake. Kanuni inakaa kando ya sehemu inayohusika. Anayesoma `kiasi` anaona hapohapo kwamba ni namba kamili inayozidi sifuri, bila kushuka chini kutafuta `__post_init__`. Kigeuzi (`converter`) kinasafisha thamani kabla ya kuhifadhiwa: nafasi tupu zilizobaki pembeni mwa namba ya muamala, zile zinazokuja mtu akinakili kutoka kwenye SMS, zinaondoka. Tena kwa `@define` ukaguzi unarudiwa kila sehemu inapobadilishwa. `m.kiasi = -5` inakataliwa hata mwezi mmoja baada ya objekti kuundwa.

Kama kwa dataclass, alama ya aina peke yake hailindi kitu. Sehemu isiyo na `validator` inapokea chochote.

Mabadiliko. Kama dataclass, `kw_only=True` ikiwemo.

Gharama. Maktaba moja ya nje kwenye orodha ya mahitaji, na wenzako wanaojua dataclass watahitaji jioni moja kuizoea. Vikaguzi vinakula muda kidogo kila objekti inapoundwa. Hofu ya zamani kwamba mypy haielewi maktaba za nje imepungua: tangu Python 3.11 ya mwaka 2022 kuna njia rasmi, PEP 681, ya dekoreta kujitambulisha kwa vikagua-aina kwamba inafanya kazi kama dataclass.

Inamfaa nani. Kiini cha mfumo wenye kanuni nyingi za biashara ambazo lazima zibaki kweli maisha yote ya objekti. Naisikitikia kidogo attrs, kwa sababu wengi wanaikosa kwa kutoijua tu.

## Pydantic

Ilianzishwa na Samuel Colvin mwaka 2017, na toleo la pili la mwaka 2023 liliandika upya kiini chake kwa Rust. Anayetumia FastAPI, maktaba ya kujenga API, tayari anayo.

Unachoandika.

```python
from pydantic import BaseModel, ConfigDict, Field

class Muamala(BaseModel):
    model_config = ConfigDict(extra="forbid")

    namba: str
    kiasi: int = Field(gt=0)
    sarafu: str = "TZS"
    lebo: list[str] = []
```

Hapa `[]` ni salama, kila objekti inapata nakala yake.

Unachopewa. Maandishi yanayosomeka, ulinganisho, na uwezo wa kwenda na kurudi kati ya objekti na JSON. Konstrakta inakubali majina tu. `Muamala("QX81", 5000)` inakataliwa.

Ukaguzi. Aina ulizoandika zinafanya kazi kweli programu inapokimbia. `kiasi="elfu tano"` inatoa `ValidationError`, na kama sehemu tatu zina makosa, unaelezwa zote tatu kwa pamoja. Anayejaza fomu anarekebisha mara moja badala ya kurudishwa mara tatu.

Kuna mambo mawili ya kuyajua kabla hujaiamini mno. Kwanza, kwa kawaida inageuza inapoweza: maandishi `"5000"` yanakuwa namba 5000, na 5000.0 inakubaliwa huku 5000.5 ikikataliwa. Kwa data ya JSON hilo ni msaada; ukitaka ukali, `strict=True` ipo. Pili, ule mstari wa `extra="forbid"`. Bila huo, sehemu isiyojulikana hutupwa kimya. Mtumaji akikosea akaandika `sarafuu="KES"`, Pydantic inaipuuza, `sarafu` inabaki TZS, na malipo ya Kenya yanaingia kwenye vitabu kama ya Tanzania. Kwenye kila modeli inayogusa pesa, mstari huo usikose.

Kubadilisha sehemu baadaye hakukaguliwi mpaka uombe kwa `validate_assignment=True`.

Mabadiliko. Kuongeza sehemu hakumvunji anayeita, kwa kuwa wote wanaita kwa majina, mradi sehemu mpya ina chaguomsingi. Kurithi ni rahisi. Kinachosumbua ni kwamba kwa njia hii unarithi `BaseModel`, na mbinu zake nyingi zinakuja na kila objekti yako. Waliohama kutoka toleo la kwanza kwenda la pili wanajua pia kuwa tabia zinaweza kubadilika: namba iliyokuwa inageuzwa kuwa maandishi yenyewe, sasa inakataliwa.

Gharama. Kila objekti inalipia ukaguzi wake. Kwenye ombi moja la API huwezi kuhisi. Kwenye kitanzi kinachounda mamia ya maelfu ya objekti ndani ya programu yako mwenyewe, utahisi.

Inamfaa nani. Mpakani: data inayotoka kwa watu, simu, seva za wengine, au faili la mipangilio.

## Kabla hujachagua, punguza kazi ya konstrakta

Mara nyingi konstrakta ni ndefu kwa sababu imebebeshwa kazi isiyo yake. Inachambua mstari wa CSV, inasoma tarehe za namna tatu, inauliza hifadhidata. Hakuna dekoreta itakayofupisha hiyo. Iondoe kazi hiyo, uipe jina lake:

```python
    @classmethod
    def kutoka_csv(cls, mstari: str):
        namba, kiasi, sarafu = mstari.strip().split(",")
        return cls(namba=namba, kiasi=int(kiasi), sarafu=sarafu)
```

Sasa konstrakta inabaki na jukumu moja, kupokea data iliyo tayari, na `Muamala.kutoka_csv(mstari)` inajieleza. Mbinu hii inakubalika katika njia zote tano. Kwenye NamedTuple ndiyo karibu njia pekee ya kuweka ukaguzi.

## Kulingana na hali yako

Kama ndiyo unajifunza, andika `__init__` kwa mkono mpaka uelewe `self` inatoka wapi na `[]` inakosea wapi, kisha hamia dataclass. Anayeanza na dekoreta kabla ya hapo hukwama siku ya kwanza anapokutana na msimbo wa mtu mwingine.

Kama unajenga API inayopokea malipo au fomu, Pydantic ikae mlangoni. Ndani zaidi, baada ya data kukubaliwa, unaweza kuihamishia kwenye dataclass iliyogandishwa. Mfumo mdogo wenye modeli tano hauhitaji tabaka hizo mbili; mfumo ambao timu tatu zinaugusa utafurahia kuwa nazo, kwa sababu mabadiliko ya umbo la JSON hayatafika kwenye hesabu.

Kama kanuni zako lazima zishike hata objekti ikibadilishwa njiani, na unaruhusiwa maktaba za nje, attrs inakupa hilo kwa maneno machache kuliko nyingine. Usiporuhusiwa, dataclass yenye `frozen=True` na `__post_init__` inafika karibu sana: isiyobadilika haihitaji kukaguliwa mara ya pili.

Kama unaandika hati fupi ya kusoma faili na kutoa jumla, NamedTuple au dataclass, chochote mkono wako ulichozoea. Usipoteze asubuhi kwa hilo.

Kama klasi yako inafungua miunganisho, inashika faili au inaendesha nyuzi, baki na `__init__` ya mkono, na mtu akikuambia imepitwa na wakati mwonyeshe orodha ya vitu inavyovihifadhi ukilinganisha na inavyovipokea.

Na kama umerithi mradi wa zamani wenye klasi nyingi za mkono, usizigeuze zote kwa mkupuo. Anza na zile zenye `__eq__` na `__repr__` zilizoandikwa kwa mkono, uangalie kama kila sehemu imo. Mara nyingi utakuta moja imesahauliwa. Kabla ya kuweka `@dataclass`, tafuta kwanza kama objekti za klasi hiyo zinawekwa kwenye seti au zinatumika kama funguo za kamusi. Kama zilikuwa zinaingia kwa utambulisho wake, dataclass ya kawaida itazikataa siku hiyohiyo: hapo tumia `@dataclass(eq=False)`, ambayo inakufupishia konstrakta na kuacha ulinganisho wa zamani kama ulivyokuwa.